Diski Pacha na Sauti ya Mzee Torvald

Diski zangu mbili za kompyuta zilikufa siku moja. Ya kwanza asubuhi, ya pili alasiri, kabla sijamaliza hata kuilaani ya kwanza.

Mpaka leo nikikumbuka nawaka hasira. Someni kisha mnitukane, nastahili.

Naitwa Corwin, naishi Duluth, Minnesota. Nilikuwa mtu wa Ironbluff, kampuni ya diski. Sisemi mteja, nasema mtu. Kofia ya Ironbluff, stika ya Ironbluff kwenye gari, na miaka kumi na moja mtandaoni nikiwaporomoshea matusi wote wanaotumia diski za wapinzani wao, Tarsen.

"Tarsen ni ya kuzuia mlango usijifunge," ndivyo nilivyozoea kusema.

Sasa sikieni. Baba mkwe wangu, Mzee Torvald, alifanya kazi kwenye meli za madini ziwani miaka thelathini na minne. Saratani ya koo ilipomshika, madaktari walimwambia operesheni itamnyang'anya sauti. Basi kabla ya operesheni nikamrekodi. Hadithi za saa arobaini, na mwisho kabisa baraka kwa binti yangu Annika, ya kusikilizwa siku ya harusi yake.

Nikaweka rekodi zote kwenye diski mbili za Ironbluff zinazobeba vitu vilevile. Ikifa moja, nyingine ipo. Nilizinunua siku moja, boksi moja, namba zinafuatana. Nikajiona mjanja.

Jumatatu ya wiki ya harusi, ya kwanza ikaanza kugonga. Tk, tk, tk. Kimya.

Sikuogopa. Nikapachika Ironbluff mpya, nikaanza kunakili kutoka kwenye ile nzima.

Ilipofika asilimia sitini na moja, nayo ikaanza. Tk, tk, tk.

Nilipiga kelele mpaka mbwa akakimbilia chini ya meza.

Kesho yake nikaendesha gari hadi Minneapolis kwa fundi mmoja, mama anaitwa Zdenka. Akazifungua, akachungulia, akavua miwani.

"Zimekwanguka ndani. Hakuna kitu humu, bwana. Ulinunua zote boksi moja?"

"Ndiyo."

"Nani alikufundisha hivyo? Zimetoka kiwandani pamoja, zina ubovu uleule, zimefanya kazi saa zilezile. Moja ilipokufa, mwenzake alikuwa hoi tayari, nawe ukamtwisha kazi ya kutwa nzima! Ungechanganya kampuni, saa hizi ungekuwa nyumbani unacheka."

"Nichanganye na Tarsen?"

"Hata na gunzi la mahindi!"

Nikawapigia Ironbluff. Kijana akaniambia kwa upole, "Pole sana, tutakutumia diski mpya." Diski mpya! Nilimtukana mpaka akakata simu.

Nilirudi nikawakuta wote jikoni. Annika akasimama.

"Baba, niambie ukweli. Sauti ya babu iko wapi?"

"Imepotea, mama."

Akaficha uso kwa mikono. Mimi nikalipuka. Ironbluff wezi, Ironbluff matapeli, nitawaanika mtandao mzima!

Shemeji yangu Leland akaweka kikombe chini. "Miaka kumi na moja umetusimanga kwa ajili yao. Leo ndiyo wamekuwa wezi?"

"Wewe nyamaza na Tarsen yako!"

Mzee Torvald akapiga meza kwa kiganja. Akavuta ubao mdogo anaozungumzia tangu operesheni, akaandika taratibu, akanisukumia. Nikausoma kwa sauti kama mjinga:

"Nilinunua diski nitunze nakala yangu. Tarsen. Ulinicheka siku ya Shukrani. Nikairudisha dukani."

Nikakumbuka. Sikukuu ile familia yote tulikuwa mezani, bata mzinga katikati, wajukuu wote wapo. Nilimwambia, "Mzee, kwani walikuondolea sauti pekee, au na akili?" Watu wakacheka. Na yeye akatabasamu.

Nikamrudishia ubao wake.

Jumamosi kanisani, mzee aliandika baraka upya. Zilikuwa sentensi tatu tu, ubao hautoshi zaidi. Nikanyoosha mkono nizisome.

Annika akauchukua ubao, akanipita, akampa Leland azisome.

Ndugu zangu, diski zote hufa, ziwe za nani. Weka nakala kwa kampuni tofauti, na nyingine nje ya nyumba kabisa. Na hao unaowapigania mtandaoni hawakujui hata jina. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu ulimponza mzee wa watu, na kichwa changu bado kipo, kina kofia ya Ironbluff.