Mume wangu aliwaambia wageni kuwa mie nilikuwa namshikia tochi tu

Admin, nifichie jina, ila hasira yangu usiifiche, iache kama ilivyo.

Mie ni mwanamke wa miaka 36, mwalimu wa shule ya msingi, naishi Boko na mume wangu na watoto wetu wawili. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi redio Songea, na mie ndiye niliyekuwaga namshikia tochi akichomea waya, tangu niko darasa la pili. Wenzangu wanacheza rede, mie niko na baba. Alipofariki, kaka zangu waligawana vitu vyake. Mie niliomba draiva mbili za honi, zile alizokuwa anafunga kwenye spika za kwaya. Kwa msiozijua, ni vile vichwa vizito vya sumaku vinavyokaa nyuma ya honi, na sauti inatokea humo. Ndani ya kila kimoja, chini ya kifuniko, baba alikwangua jina langu kwa msumari. Aliniambia, "Hizi zako. Ukikua utazitafutia mwili."

Basi likizo iliyopita nikazitafutia mwili. Maboksi ya spika nilipiga hesabu mwenyewe, seremala akanikatia mbao tu. Honi nilichonga kwa plaiwudi, nagundisha kipande juu ya kipande, kisha msasa wiki saba, shule zikafunguliwa bado nasugua, mpaka vidole vikatoka malengelenge na nikawa nashika chaki kwa shida darasani. Mume wangu wakati huo alikuwa anapita sebuleni anasonya, "Mama Neema, haya makopo yako utayatoa lini?" Siku nilipowasha, nikaweka kwaya. Jamani! Unamsikia muimbaji anavyovuta pumzi kabla ya kuanza. Nilikaa chini kwenye sakafu nikalia, nikamkumbuka baba.

Sasa sikieni kisa chenyewe. Mwezi uliopita mume wangu alileta wafanyakazi wenzake nyumbani, pamoja na bosi wake. Bosi akasikia muziki, akasimama katikati ya sebule, akauliza, "Nani kafanya kazi hii?" Mie nimeshika trei ya juisi, natabasamu, nasubiri kutajwa. Mume wangu akajibu, "Mimi mwenyewe, bosi. Huyu mke wangu alikuwa ananishikia tochi tu." Wakacheka wote. Nami nikacheka, mjinga mimi, nikawamiminia juisi.

Walipoondoka nikamuuliza, "Baba Neema, kwa nini umenifanyia vile?" Akaniambia, "We nawe! Ningesema mke wangu ndiye fundi, wangenionaje?" Ndoa ina mengi, nikasema hili nalo litapita. Halafu akaongeza, anajikuna tumbo, "Tena bosi amezipenda. Nimemwambia nampa zawadi, atakuja kuzichukua Jumapili ya mwisho wa mwezi ujao. Nafasi ya msaidizi wake iko wazi, unajua." Nikamwambia zile draiva ni za baba yangu. Mnajua alinijibu nini? "Baba yako ameshakufa. Maiti hasikilizi muziki."

Sikulia. Tangu siku hiyo sijalia hata chozi moja, napika, nafua, naitikia "abee". Yeye anadhani yameisha.

Jumapili yenyewe ni keshokutwa. Amealika watu, anataka azifungulie sauti mpaka mwisho kabla ya kumkabidhi bosi. Namjua, ataweka nyimbo za besi nzito, maana ndizo anazozijua. Sasa kuna kidude kidogo kinaitwa kapasita, kimefungwa kwenye waya unaoingia kwenye draiva. Kazi yake ni kuzuia besi isiingie mle. Kikikosekana, kwa sauti ndogo hutajua kitu, lakini ukifungua sana, ule utando mwembamba wa ndani unaungua, honi inanyamaza kimya. Fundi yeyote analijua hilo, hata mtoto aliyeshika tochi analijua.

Leo mchana, yeye yuko kazini, nimechukua bisibisi nikazitoa kapasita zote mbili. Nimeunganisha waya moja kwa moja. Jioni alijaribu kwa sauti ndogo, akatikisa kichwa, akasema, "Leo zinaongea zaidi!" Fundi wa watu huyo.

Mtaniambia nizing'oe draiva nizifiche. Nikizificha atasema zimeibiwa, atapewa pole, na atabaki kuwa fundi. Mtaniambia nisimame mbele ya wageni niseme ukweli. Nitaonekana mke mkorofi, asiye na adabu. Mie nataka zinyamaze mbele ya bosi wake. Nataka aambiwe, "Haya fundi, fungua tuone," ahangaike na bisibisi hajui aanzie wapi. Na atakapokiondoa kile kifuniko, wasome jina langu. Hajawahi kuliona kwa sababu hajawahi kufungua. Za mwizi arobaini, na yake inaangukia Jumapili.

Ila kuna kitu kimoja kinanirudisha nyuma. Utando wa draiva zile hautengenezwi tena, nimezunguka Kariakoo yote. Zikiungua, ndiyo basi. Ile sauti aliyoniachia baba nitakuwa nimeiua mie, kwa mkono wangu. Nikirudisha kapasita, zitatoka hapa nzima, ziende kuimba nyumbani kwa mtu mwingine, na mume wangu apandishwe cheo juu ya jasho la baba na mwanawe.

Kapasita nimezifunga kwenye pindo la khanga, ziko hapa kiunoni ninapoandika. Tafadhali msiniambie nisamehe, hilo sikuuliza. Nyie mliofiwa na wazazi, nyie mliodharauliwa ndani ya nyumba zenu, nijibuni kabla ya Jumapili: nizirudishe, au nimuache awashe?