Shujaa Mwenye Adabu Mno

Jumamosi, kwenye banda la video Nyakato, sehemu ya pili ya filamu ya vita vya sayari ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, watu wakainuka kuondoka. Sauti ya Kiswahili iliyowekwa juu yake ilikuwa ya mtafsiri mpya.

"Huyu shujaa ana adabu kama anapeleka posa," alilalamika mama mmoja. "Sehemu ya kwanza alikuwa anawachamba maadui."

"Picha ni nzuri, mama," alibembeleza mwenye banda.

"Picha naiona. Maneno yako wapi?"

Mwenye banda akazima sauti, akampa kipaza sauti. Mama akamsemea shujaa, akawachamba maadui kwa kumuulia mjomba, watu wakaketi.

Mimi, niliyekwisha kuiona kwa Kiingereza, nilimnong'oneza jirani kwamba aliyekufa ni baba yake shujaa, si mjomba.

"Tulia, dada," akasema. "Huko sayarini umewahi kufika?"

Nikatulia. Hata mimi nilishaanza kumlilia mjomba.