Miguu Niliyoipeleka Kitubioni

Harufu ya mafuta ya nyonyo yakipashwa moto kwenye kijiko inaniudhi mpaka leo, ingawa ndiyo ninayoianzia kila jioni. Jua likishazama nakaa barazani kwangu hapa Songea, najichua kuanzia magotini kwenda chini, na kabla sijamaliza mguu wa kushoto, wa kulia umeshaanza vituko vyake. Nina miaka sabini na moja. Nimelea watoto, nimemzika mume, nimemshukuru Mungu kwa mengi. Kwa miguu hii pia najaribu kushukuru, lakini nisiwadanganye: ziko jioni ambazo shukrani inagoma kutoka.

Asiyeijua hali hii mimi humwambia hivi. Fikiria siafu wamepata njia ndani ya mfupa, siyo juu ya ngozi ambako ungewakung'uta. Ukikaa, wanatembea wao. Ukitembea wewe, wanatulia. Ukirudi kukaa, wanaanza upya, tena kwa hasira, kama waliosumbuliwa. Inauma, ila si maumivu ya kumwonyesha mtu kwa kidole, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia.

Nilizaliwa kijijini, si mbali na Maposeni, kwenye nyumba iliyozungukwa na mahindi pande zote. Baba alikuwa mtu wa sala. Kila jioni baada ya ugali tulipiga magoti wote kwenye mkeka, akatuongoza rozari nzima. Kumi la kwanza nililimaliza salama. Kumi la pili miguu ilianza. Nilisugua unyayo huu kwa ule, nikakunja vidole, nikabana pumzi, mwishowe vidole vya miguu vikaanza kukwaruza mkeka, kwaru, kwaru, na ndugu zangu wakaanza kubana vicheko. Baba hakukatisha sala hata siku moja. Alipofika kwenye "utuombee sisi wakosefu" alipandisha sauti na kunitazama mimi.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Shangazi alisema ni minyoo, nikanyweshwa dawa ya minyoo mara tatu katika msimu mmoja, na minyoo, kama ilikuwepo, ikatoka, miguu ikabaki vilevile. Jirani alisema ninakua, nivumilie. Nilivumilia, nikakua, ikakua nayo. Mama hakusema kitu. Alipasha mafuta ya nyonyo, akanichua akiwa anasinzia, maskini, maana alikuwa ameshinda shambani. Baba alisema miguu ya mtoto huyu haina adabu. Maneno hayo ndiyo yaliyoniingia, kwa kuwa baba hakuwa mtu wa kusema ovyo.

Mwaka ule, nikiwa na miaka tisa, nilikuwa kwenye mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Katekista wa kigango chetu, yaani kanisa dogo la kijiji, Mwalimu Gaudensi, alikuwa mwembamba, mkali, mwenye moyo mzuri aliouficha sana. Alikuwa na sharti lake: Ijumaa jioni kabla ya Komunyo, watoto wote walipiga magoti mbele ya Ekaristi saa nzima. Asiyeweza kutulia mbele ya Yesu kwa saa moja, alisema, hayuko tayari kumpokea. Angojee mwaka mwingine. Gauni langu jeupe lilikuwa limeshashonwa, lakini si gauni lililonitisha. Nilitishika kwamba Yesu mwenyewe angeniona nisiye na adabu.

Mnaweza kukisia yaliyotokea. Sikufika hata nusu saa. Mguu wa kulia uliruka wenyewe, ukampiga mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu, naye akapiga ukelele kanisani. Mwalimu Gaudensi alinijia taratibu, akaniinamia sikioni. "Yustina, nenda nyumbani," alisema. "Gauni litunzeni. Mwaka ujao."

Kesho yake padri alifika kwa pikipiki kuungamisha. Kwenda kuungama hakuna aliyenikataza, nami usiku kucha nilikuwa nimepanga dhambi zangu. Niliiba sukari, nilimtukana kaka, na kubwa kuliko zote niliiweka mwisho.

"Padri, miguu yangu inatenda dhambi."

Akaniuliza, kwa upole kabisa, inatenda dhambi gani. Nikamweleza yote: rozari, mkeka, siafu, ukelele wa kanisani. Nilingoja kukemewa. Badala yake aliuliza swali ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza.

"Inaanza saa ngapi?"

Nilifikiri. Jua likizama, nilimwambia. Nikikaa.

"Na asubuhi?"

"Asubuhi haina neno, Padri."

"Ukitembea?"

"Nikitembea inanyamaza."

Akanipa malipizi: nilizunguke kanisa mara tatu kwa nje nikisali Salamu Maria, nisikae wala nisipige magoti. Kisha akaniondolea dhambi.

Nilikuwa kwenye mzunguko wa pili Mwalimu Gaudensi aliponikuta. Wengine wote walikuwa ndani wamepiga magoti wakisali malipizi yao, mimi peke yangu nazunguka nje kama kuku aliyepotewa na banda. Akauliza nafanya mchezo gani. Nikasema ni malipizi niliyopewa na Padri. Akasema hakuna malipizi ya namna hiyo. Nikasema ndiyo niliyopewa. Alitazama mlango wa kanisa, akanitazama mimi. Hakuweza kwenda kumwuliza Padri. Mambo ya kitubioni hayaulizwi. Hakuweza kuniita mwongo, kwa kuwa kama nilikuwa nasema kweli angekuwa amempinga Padri. Nilimwona anavyoteseka, na Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

"Padri alisema nini kuhusu Komunyo?" aliuliza hatimaye.

"Aliniuliza tu kama asubuhi miguu inanisumbua."

"Inakusumbua?"

"Hapana, Mwalimu."

Alinitazama miguu. "Basi kesho vaa gauni, uje ukae mwisho wa mstari. Nitakutazama tangu wimbo wa kuingilia. Ukichezesha mguu mara moja, nakutoa mstarini."

Jumapili ile kulikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Nilikaa kama jiwe. Mwalimu Gaudensi alinitazama Misa nzima, kiasi kwamba nadhani yeye mwenyewe hakusali. Miguu haikutikisika, maana ilikuwa asubuhi, na asubuhi ilikuwa miguu ya watu wenye adabu. Nilipopiga magoti kupokea, nilimwambia Yesu asante. Baba alikuwa analia, nami nikadhani analia kwa sababu hatimaye miguu yangu imetubu.

Jioni yake kwenye rozari ikaanza tena.

Niliishi hivyo zaidi ya miaka sitini, nikimwomba mume wangu radhi kwa mateke, nikikwepa safari ndefu, nikisimama nyuma kwenye mikutano ya jumuiya kama mtu anayetaka kutoroka. Mwaka huu daktari kijana alinipima damu, akasema nina upungufu wa madini ya chuma, na kwamba hali hii inajulikana na kutibiwa. Akanipa vidonge, akanikataza chai ya jioni, akanifundisha kunyoosha misuli. Nimepata nafuu, si kupona. Nilikasirika kuliko nilivyofurahi. Nilikuwa nimeiungama damu yangu kana kwamba ni dhambi.

Halafu akauliza kama kuna mwingine katika ukoo. Nilifungua mdomo kusema hapana, nikamkumbuka binti yangu Agnesi, akiwa na miaka saba, kwenye mkeka wangu, kwenye rozari yangu, akihangaika. Na nikakumbuka nilivyokuwa nikimfinya paja ili atulie. Mimi, niliyeijua hali hiyo kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Ya kwangu niliijua kuwa ni mateso; ya kwake niliiona utundu.

Nilimpigia simu huko Madaba anakofundisha. Baada ya shikamoo na habari za wajukuu, nilimwuliza jioni miguu inamfanyaje.

"Mama, umejuaje? Natembea sebuleni mpaka watoto wananicheka."

"Inaanza saa ngapi?" nilimwuliza, kisha nikamwacha aeleze mpaka akamaliza.