Chumba cha Mbele

Basi lilizungushwa njia kwa sababu ya mafundi wa barabara, nikajikuta napita kwenye mtaa ule ambao kwa miaka nimeukwepa kwa makusudi. Nyumba bado ipo. Mlango umepakwa rangi ya kijivu, hiyo wanayoipenda siku hizi watu wenye pesa, na dirisha la chumba cha mbele halina pazia. Ndani kuna televisheni kubwa, na kijana amejilaza kwenye kochi, miguu juu ya meza. Miguu, rafiki yangu! Katika chumba ambacho sisi hatukuthubutu kuingia na viatu.

Hapo Woolwich, huku kwa Waingereza, ndipo nilipokulia, ghorofa ya juu ya nyumba ya mjane wa Kiairishi. Tulikuwa watatu: mama, aliyefanya kazi ya kuhudumia wazee; bibi, mzaa mama, aliyeletwa kutoka Unguja kuja kunilea; na mimi. Mwenye nyumba aliishi chini. Jiko lilikuwa moja, na jikoni ndiko walikozoeana yeye na bibi, mmoja akioka mkate wake wa magadi, mwingine akichemsha kahawa ya tangawizi. Kiingereza cha bibi kilikuwa cha kununulia vitunguu, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Baada ya muda hawakunihitaji sana. Nikirudi shule nawakuta wanacheka, nikiuliza kuna nini, bibi ananifukuza: "Mambo ya wakubwa hayo, kavue sare." Alimwita "shoga yangu", na mwenye nyumba akajifunza kuitika.

Chumba cha mbele kilikuwa na meza ndefu, viti vya mbao, saa ya ukutani na picha ya Bikira Maria. Hakikukaliwa na mtu. Kila Jumamosi mwenye nyumba alinipa kitambaa, tukaisugua meza kwa nta mpaka ikang'aa, na harufu ya nta ile ikabaki mikononi mwangu hadi Jumapili. Nilidhani ni chumba cha wageni, kama sebule za kwetu, ila wageni wenyewe sikuwaona. Siku moja nikamuuliza. Akajibu, bila hata kuacha kusugua, kwamba ni chumba cha siku yake ya kufa.

Akanieleza. Alikuja kutoka Ayalandi kwa meli akiwa msichana, akafua mashuka ya hospitali, akaolewa na kijana wa kijijini kwao aliyekuja kuchimba njia za treni chini ya ardhi. Udongo ukamwangukia mumewe. Walimlaza juu ya meza ile, na mtaa mzima, wakati huo Waairishi watupu, ukaja na chai na tumbaku na mikate. Walilia, wakasimulia vichekesho vyake, wakala, wakalia tena, na hakuachwa peke yake hata dakika moja mpaka alipotolewa kwenda kuzikwa. Tangu hapo wenzake walihama, wengine wakafa, yeye akabaki anasugua. Kwenye mtoto wa meza aliweka shuka jeupe la kitani, limepigwa pasi, na mishumaa.

Nilimtafsiria bibi huku naogopa. Bibi hakuogopa chochote. Alipanda juu, akarudi na sanda yake, iliyoletwa na jirani kutoka Hija, imechovywa zamzam, inanukia karafuu. Wakavitandaza vitambaa vyao mezani, kila mmoja akapapasa cha mwenzake kama wako dukani wanachagua. Wakawasema Waingereza, wanaowaacha maiti wao kwenye friji wiki nzima na zaidi. Kisha mwenye nyumba akauliza: watu wangu wamekwisha, nani atakaa na mimi?

"Mwambie mie ntakaa naye," bibi akasema. "Na wewe utakaa, na mamako. Asiwe na shaka."

Nikamwambia. Akamshika bibi mkono, akalia.

Majira ya baridi yaliyofuata kifua kilimbana mwenye nyumba, akapelekwa hospitali, asirudi. Aliyempigia mama simu ni mpwa wa marehemu, ambaye tulikuwa hatumjui hata sura. Mama akamuuliza ataletwa nyumbani lini. Hataletwa, akasema. Kuna kampuni itamchukua huko huko ikamchome, bila ibada, bila watu. Shangazi hakuwa mtu wa makuu.

Bibi alidhani mama hakuelewa. "Muulize tena! Achomwe peke yake? Mwambie chumba kipo, meza ipo, shuka lipo. Watu tupo!"

Mama akapiga tena. Mpwa akamshukuru, akauliza tutahama lini, maana nyumba inauzwa.

Tulikaa hivyo hivyo, mchana kutwa, watu watatu na meza tupu. Bibi alipika birika zima la kahawa, akapanga vikombe kama anangoja umati. Hakuna jirani aliyegonga mlango. Kahawa ikapoa tukaimwaga.

Mafundi wa kukarabati nyumba walikuja kabla hatujamaliza kufunga mizigo. Saa na Bikira Maria vilitupwa kwenye kontena la taka. Bibi akashuka chini kuchukua sufuria yake, akaliona shuka: limetandikwa sakafuni chini ya ngazi, lipokee matone ya rangi, limejaa alama za viatu. Hakupiga kelele. Alipanda juu, akakaa kitandani, akasema, "N'rudisheni kwetu ningali nakwenda kwa miguu yangu."

Tulimsihi, mimi nilimshika baibui. Akaenda, sanda ndani ya mkoba wa mkononi, hakutaka kuikabidhi kwa watu wa ndege. Miaka baadaye akafia Unguja, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri, sisi hatujapata hata tiketi. Tuliambiwa watu walijaa mpaka barabarani. Nilifurahi kwa ajili yake, na nilimkasirikia, na hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Sasa mama anaishi kwangu, kwenye fleti ambayo jiko na sebule ni kitu kimoja, na wajukuu wanamjibu Kiingereza. Majirani siwajui majina. Juzi sokoni alisimama kwenye meza ya vitambaa, akashika kitambaa cheupe, akakipapasa vile vile kama bibi siku ile. Muuzaji akauliza ni cha kushonea nini. Mama akanitazama.

"Mapazia," nikasema.