Meza ya Peremende Katikati ya Familia Mbili

Chupa zilikuwa za mayonezi. Nilizikusanya kwa majirani, nikaziloweka hadi karatasi zikatoka, nikazijaza peremende kwa rangi: nyekundu peke yake, njano peke yake, kijani peke yake. Karanga za sukari nilizitia kwenye sahani. Meza niliifunika kwa pazia letu la sebuleni na kuiweka pale mdogo wangu alipotaka, katikati kabisa ya ukumbi, kati ya viti vya familia yetu na viti vya familia ya mume wake.

Meza ya namna hiyo aliiona kwenye simu. Lakini yeye hakuitaka kwa ajili ya picha, alitaka watu wasimame wakutane hapo. Sisi ni Wakatoliki wa Butembo, wao ni Waprotestanti wa Beni, na tangu mama mkwe wake alipoambiwa kwamba ndoa itafungwa kwa padri, alikuwa akitusalimu kwa ncha za vidole tu. Asubuhi ya harusi mdogo wangu alikataa chai, akakataa na mkate.

"Yaya," aliniambia, kama tunavyomwita dada mkubwa, nikimfunga vifungo vya gauni, "nikimuona mama mkwe amesimama kuja upande wetu, nitakula."

Ukumbi ulikuwa Vulamba, hapa hapa Butembo, na mvua ilipiga mabati hadi spika ikashindwa. Wageni wa Beni walikuja kwa basi, na dereva alitangaza mlangoni kwamba barabara ataimaliza kabla ya giza. Hakuna aliyemuuliza sababu: usiku njia ya Beni ina watu wenye silaha.

Chakula kililetwa, kikaliwa. Meza yangu haikuguswa. Kwenye harusi zetu unakaa unapokalishwa na unangoja uletewe sahani. Anayenyanyuka kujichukulia ataonekana mlafi. Nilijua hivyo tangu utotoni, ila wakati wa kupanga rangi sikukumbuka hata kidogo. Nikasogeza chupa nyekundu mbele. Nikairudisha. Nikafuta vumbi ambalo halikuwepo. Mama mkwe alikaa wima, mkoba mapajani, akiangalia mlango. Sahani ya mdogo wangu ilikuwa imejaa na imepoa. Nje dereva alipiga honi mara ya kwanza.

Ndipo shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene wa kucheka haraka, akapita karibu akielekea chooni. Akasimama mbele ya chupa.

"Mama, hii munauzisha bei gani?"

Nilitaka kumweleza kwamba ni za bure. Mama yangu, aliyekaa nyuma yangu, alinitangulia. Yeye huuza samaki wa chumvi sokoni, na swali hilo halimpiti.

"Chupa moja, mbuzi moja," alisema bila kucheka.

"Mbuzi? Na zile za mahari tulileta?"

"Zile zilikonda. Tulizipika, tukakunywa maji."

Watu wa meza za karibu waligeuka. Shangazi akashika kiuno. "Basi nakupatia kuku moja."

"Kuku tatu."

"Mbili."

"Lete."

"Wifi!" Sauti ilitoka upande wa Beni. Mama mkwe alikuwa ameshasimama, mkoba kwapani. Yeye huuza maharagwe na mchele, na nadhani angevumilia mengi siku hiyo kuliko kusikia mtu wa kwake akinunua vibaya. Alikuja moja kwa moja. "Kuku mbili juu ya sukari? Unaharibu soko."

"Onja kwanza, mama," mama yangu alimwambia, akamenya peremende nyekundu na kumpa mkononi.

Mama mkwe akaitia mdomoni. Akaisukuma shavu hili, akaisukuma lile.

"Iko na harufu ya samaki yako," alisema.

Mama yangu alinusa vidole vyake mwenyewe, polepole, kimoja kimoja.

"Ni kweli," alisema. "Nilinawa, lakini hiyo harufu haitokaka."

Mama mkwe alicheka kwanza kwa pua, kisha akashindwa kujizuia, akashika mkono wa mama yangu asianguke. Hapo watu wakasimama pande zote mbili, wengine kuhukumu bei, wengine kutoa ya kwao. Shangazi alipanda bei hadi bata. Mikono iliingia kwenye chupa zangu, kijani ikachanganyika na njano, pazia likavutwa, karanga zikamwagika chini. Niliinama kuziokota, nikaacha.

Dereva alipiga honi tena, safari hii bila kuachia. Kati ya mabega ya watu nilimtafuta mdogo wangu. Alikuwa amevuta sahani, ameinua shela kwa mkono wa kushoto, na alikuwa anakula wali uliopoa, haraka haraka, macho yakiwa kwa mama mkwe wake, ambaye bado alikuwa anabishana.