Sindano ya Mwisho ya Surua

Jamani, leo mwanangu kachomwa sindano ya surua, na mimi nimerudi nyumbani nalia.

Karani wa zahanati alitukatalia mlangoni.

"Ninyi Wasukuma mmekuja juzi tu na ng'ombe zenu. Mkachanjwe kwenu!"

Nikamkimbilia mwenyekiti wa kijiji. Akaja mwenyewe.

"Karani, anayelala kijijini kwangu ni mtu wangu. Andika mtoto."

Akaandika! Mwanangu akachomwa.

Kumbe dawa ndiyo imeishia kwake.

Nyuma yangu alikuwepo mama wa Kisangu, mwenyeji kabisa, na mtoto mgongoni. Surua imeshazika watoto wawili jirani na kwake. Akaambiwa arudi mwezi ujao.

Akanitazama. "Hongera, mama."

Basi.

Kesho nitampelekea maziwa. Semeni wenzangu, atayapokea?