Mwalimu Aliyechoma Sukari

Mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, watu wenye akili timamu walificha sukari uvunguni. Mwalimu Ambrosi Mtui wa Rau yeye aliichoma. Aliimimina kwenye sufuria kuukuu, akaifunika, akaikalisha jikoni mpaka ikawa makaa meusi tii. Mkewe Digna alikuwa amepanga foleni tangu alfajiri kuipata.

"Mae! Baba Yuditha, umerogwa?"

"Ni ya mtambo wangu, mama. Safari hii maji yataimba."

Digna alikunywa chai chungu wiki nzima, na kila akimeza alimtazama mumewe.

Ambrosi alikuwa mtoto wa mkulima wa kahawa wa Marangu. Serikali ilimpeleka Chekoslovakia akabobea katika sumaku, kisha serikali hiyo hiyo, kwa busara zake, ikamrudisha Moshi kufundisha shule isiyo na balbu nzima. Hakununa. Aliomba stoo ya majembe mabovu, akapewa, na humo akaunda mtambo wake kwa chupa ya maji, spika ya redio iliyokufa na nyaya za shaba alizopewa na Arvind, fundi wa kusuka mota mjini. Duniani alitaka kitu kimoja tu, kuisikia sauti ya maji. Stoo ile ingefungwa, hangekuwa na pengine pa kuisikilizia.

Jumamosi moja alikoroga makaa ya sukari ndani ya chupa, akawasha mtambo. Spika ikatoa mluzi mwembamba, sauti ya maji yenyewe, ukafifia, ukafa. Ambrosi alilia kwa furaha, mtu mzima na mvi zake.

Alikuwa bado anafuta machozi mlango uliposukumwa. Aliingia Gidioni, katibu wa Chama wa kata, na mgambo wawili. Jirani mwenye uchungu na taifa alikuwa amepeleka habari za sukari.

"Ndugu Mwalimu, wananchi hawana sukari, wewe unaichoma. Jieleze."

Ambrosi akajieleza, maana ndilo kosa la walimu wote.

"Ndugu Katibu, ndani ya maji mna chembe zinaitwa protoni. Kila moja ni kasumaku kadogo. Karibu nusu zinaelekea juu na nusu chini, zinapingana, basi hatusikii kitu. Zinazozidi upande mmoja ni chache mno."

"Endelea."

"Sasa, makaa haya yana elektroni. Hizo ni sumaku zenye nguvu, tuseme viongozi. Tukiwatikisa viongozi kwa mawimbi ya redio, nao wanawageuza protoni. Wengi wakielekea upande mmoja, sauti inasikika."

Hapo ndipo aliposikia alichokisema. Viongozi wanatikiswa na redio, wananchi wanageuzwa. Mwaka ule watu walikuwa wanalala ndani kwa kilo mbili za unga, naye amemsimanga katibu mbele ya mashahidi wenye virungu.

Gidioni alikuwa ametoa kalamu.

"Na anayekataa kugeuka?"

"Tunaongeza mawimbi," alisema Ambrosi kwa sauti ya mtu anayechimba kaburi lake.

"Safi sana!" Katibu akampiga begani. "Ndugu zangu, mmesikia? Umoja umethibitishwa na sayansi!"

Basi hakufungwa. Alipatwa na jambo baya zaidi, alipendwa. Alizungushwa kwenye mikutano ya hadhara na chupa yake, akashangiliwa na watu ambao hawakuuliza hata swali moja. Mluzi hakuna aliyetaka kuusikia. Mwezi uliofuata Gidioni alifika kwenye kikao cha walimu na pendekezo zito: Mwalimu Ambrosi ahamishiwe chuo cha siasa, mbali huko kusini, akafundishe umoja, na stoo irudishiwe majembe.

"Anayepinga?" aliuliza Gidioni.

Walimu wakainamia vikombe vyao.

"Wanaoafiki?"

Mikono ikapanda kwa pamoja, hata wa mpishi aliyeleta chai.

Jioni Ambrosi alimweleza Digna, akiwa amekaa kwenye kigoda bila kuvua koti. Digna alikuwa amemkasirikia mno, lakini aliposikia habari ya stoo moyo ulimuuma kwa ajili yake.

"Hakuna hata mmoja aliyekutetea?"

"Hakuna."

"Na wewe ulisema nini?"

Ambrosi aliutazama mkono wake wa kulia.

"Nilinyoosha," alisema. "Nadhani nilikuwa wa kwanza."